Kufuli tatu na namba moja ya siri: kisa cha Mzee Fundi wa Busia

Kitabu cha hesabu cha kikundi chetu, kile cha 2018 hadi 2022, kiko hapa mezani, na nimekipitia tena ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuandika haya. Ukikifungua mwanzoni unakuta tarakimu pana za mtu aliyezoea kuchora vitambaa kwa chaki: 5 yenye tumbo, 7 iliyokatwa mstari katikati. Kufikia katikati ya 2019 zimeanza kunywea. Mwanzo wa mstari 10,000 inasomeka vizuri, mwisho wa mstari ni kama siafu wamepita na miguu yenye wino. Halafu Agosti 2021 zinanenepa tena. Na kuanzia Oktoba mwaka huo, baadhi ni za uongo.

Aliyeziandika ni fundi cherehani wa hapa Busia, upande wa Uganda, aliyekuwa na miaka 61 wakati huo. Jina lake sitalitaja. Sokoni tunamwita Mzee Fundi, na yeye mwenyewe ameniruhusu nikieleze kisa hiki alimradi nisimpambe. Nakiandika kwa sababu kilinilazimisha kufikiri upya swali nililokuwa nikilichukulia kama mazungumzo ya wasomi: ikiwa mawazo yetu yote yanatengenezwa na ubongo, na ubongo ni nyama inayofuata sheria za kemia, je, kuna chochote tunachokitenda kwa hiari?

Kisa chenyewe

Kikundi chetu cha akiba kina watu 28. Wamo wauza mitumba, kina mama wa samaki na mukene (dagaa), waendesha boda, mama wa mihogo, makondakta wawili, na mimi mwalimu wa Kiswahili. Kila Jumamosi mtu ananunua hisa, moja shilingi 5,000, zisizidi tano kwa wiki. Tunakopeshana, na mwisho wa mwaka tunagawana.

Sanduku letu ni la bati zito, lina kufuli tatu. Anayelilaza nyumbani kwake hana ufunguo, na wenye funguo hawana sanduku. Funguo tatu hukaa kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na sanduku halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo mbele ya kikao. Vikundi vingi Uganda vimejengwa hivyo. Miaka yote niliona ni ulinzi dhidi ya wezi wa nje, nikachelewa kuelewa kwamba aliyeubuni utaratibu huu alikuwa anatufikiria sisi wenyewe.

Machi 2020 mikusanyiko ilipopigwa marufuku kwa sababu ya korona, tulishindwa kukutana. Fedha tukazihamishia kwenye laini ya simu ya Mzee Fundi, kwa kuwa alikuwa mweka hazina na hakuna aliyewahi kumdai hata shilingi hamsini. Marufuku yalipoondolewa tuliendelea vilevile, maana ilikuwa rahisi. Kufuli tatu zikawa namba moja ya siri, na namba hiyo ikakaa ndani ya kichwa kimoja.

Kichwa hicho kilikuwa kinaumwa. Tangu 2018 mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka unapopumzika pajani, ukitulia anaposhika mkasi. Kutia uzi kwenye sindano akamwachia mwanafunzi wake. Uso ukakakamaa, wateja wakadhani amenuna. Mwishoni mwa 2019 akaambiwa ana ugonjwa wa Parkinson, ule ulioelezwa na daktari Mwingereza James Parkinson mwaka 1817: seli zilizo katika sehemu ndogo nyeusi ndani kabisa ya ubongo, zinazotengeneza dopamini, zinakufa polepole. Akaanza levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, ikamsaidia kiasi. Julai 2021 binti yake anayefanya kazi Nairobi alimpeleka kwa daktari mwingine, akaongezewa pramipeksoli, kidonge kinachoiga dopamini. Mkono ukatulia. Akaanza kushona tena suti za watoto wa shule, na tarakimu za kitabuni zikanenepa. Tulimshukuru Mungu kikaoni, nakumbuka.

Hakuna aliyemwambia kidonge hicho kinaweza kuleta nini kingine. Nimemuuliza mara tatu, majibu ni yaleyale: alielezwa kuhusu kichefuchefu na usingizi, basi.

Septemba mtu ambaye hakuwahi kununua hata tiketi ya bahati nasibu alianza kusimama kwenye kibanda cha beti karibu na stendi. Baadaye akahamia kwenye simu. Mkewe aliamka usiku akaona mwanga chini ya blanketi. Zilianza kwenda fedha zake, ukafuata mshahara wa mwanafunzi wake, na hatimaye zetu. Februari 2022 mtoto wa mwanachama mmoja alilazwa, tukahitaji 200,000 kutoka mfuko wa jamii. Mzee akasema mtandao umekatika. Kesho yake akasema vilevile. Siku ya tatu mwenyekiti wetu, mama wa samaki asiyependa kuzungushwa, alimwomba afungue simu mbele yake. Palipaswa kuwepo 7,850,000. Zilikuwepo 1,550,000.

Kikao

Wanaoijua mipaka yetu wanajua neno "mwizi" likipigwa kelele sokoni linaweza kuishia wapi. Nimewahi kuona tairi. Mwenyekiti aliliona hilo mapema, akahamishia kikao nyuma ya nyumba yake na kufunga geti. Jambo hilo peke yake ninamheshimu nalo mpaka leo.

Watu walikuwa wameshaanza kusimama mke wa Mzee alipotoa kwenye kanga kijikaratasi kile kinachokunjwa ndani ya boksi la dawa. Binti alikuwa amekisoma na kupiga mstari mahali pamoja. Nikaombwa nitafsiri. Nilisoma kwa sauti: kwamba baadhi ya wanaotumia dawa hii hupata msukumo wasioweza kuuzuia, wa kucheza kamari kupita kiasi, kununua vitu ovyo, kula kupita kiasi, au tamaa ya mwili isiyo ya kawaida yao. Mtu mmoja akauliza, "Kwa hiyo dawa ndiyo mwizi?" Hakuna aliyejibu.

Swali hilo limebeba kila kitu, kwa hiyo nieleze kwanza dawa inafanya nini.

Dopamini tumezoea kusikia ikiitwa kemikali ya raha. Maelezo hayo yanapotosha. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alirekodi seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Juisi ikija bila kutarajiwa, seli ziliwaka. Nyani akishajua kwamba taa fulani huleta juisi, seli ziliwaka kwa taa, juisi yenyewe zikainyamazia. Na taa ikiwaka lakini juisi isije, seli zilizima chini ya kiwango chao cha kawaida. Huko kuzima ndiko kunakomfundisha mnyama: hapa pana hasara, usirudi.

Sasa weka kidonge kinachojifanya dopamini na kugonga milango yake mchana na usiku, hasa ile iliyo mingi kwenye njia za tamaa. Pale hasara inapopaswa kuzima taa, taa haizimiki vizuri. Mwaka 2004 Michael Frank na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa Parkinson wasiokuwa wamekunywa dawa zao za dopamini hujifunza zaidi kutokana na kukosea, na waliozinywa hujifunza zaidi kutokana na kupata. Hekima hupanda na kushuka pamoja na dozi.

Nikiwa na maelezo hayo kichwani, niliomba taarifa ya miamala ya laini ile. Usiku wa tarehe 14 Januari 2022: saa 7:52, shilingi 40,000. Saa 7:58, 40,000. Saa 8:03, 80,000. Saa 8:11, 150,000. Dakika 19, laki tatu na kumi elfu, na kila moja ilipotea kabla ya inayofuata kutumwa. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka 35 alikuwa akikupimia kitambaa mara mbili kabla ya kukata. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hapa dawa ndiyo iliyoliziba sikio, na kilichozuiwa kusikika ni sauti ya hasara.

Swali la kijana wa boda

Kikao kilikuwa kinaelekea kwenye msamaha wakati kijana wetu wa boda alipoinua mkono. Alikuwa na miaka 23. Sheria ya Uganda ya 2016 inakataza aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, lakini kila mtu anajua vibanda vile vinajaa nani. Akasema, na ninayaandika kama nilivyoyanukuu siku ile: "Mimi nimepoteza pikipiki kwa beti. Sikumeza kidonge. Dopamini yangu nimezaliwa nayo. Mbona mimi mliniita mjinga, na mzee mnamwita mgonjwa?"

Wengine walimnyamazisha, wakisema hakuna heshima. Mimi nilihisi ardhi imesogea. Aliuliza bila vitabu kile ambacho wanafalsafa wanakizunguka kwa karne nyingi. Tukimsamehe Mzee kwa sababu ubongo wake ulisukumwa na kemikali, basi ni nani ambaye ubongo wake haukusukumwa na kemikali? Chanzo cha kidonge kinaonekana mezani. Vyanzo vya yule kijana, yaani baba aliyekufa mapema, simu inayolia ofa za bure saa sita usiku, na stendi yenye kibanda cha beti kabla hujafika kwenye choo, haviwekwi mezani, lakini navyo vinaingia kwenye ubongo uleule.

Nina mpwa anayesoma Makerere ambaye hana shaka na jibu. Kwake hiari ni hadithi tu. Alinipa jaribio la Benjamin Libet la 1983: watu waliambiwa wakunje kidole wakati wowote wapendao, wakitazama saa. Ubongo ulianza kujiandaa karibu nusu sekunde na zaidi kabla ya kidole kusogea, na mtu mwenyewe akahisi ameamua kama sekunde moja ya tano tu kabla. Ubongo umeshaanza, wewe unaletewa taarifa. Akaongeza utafiti wa 2008 wa kina John-Dylan Haynes, ambao kwa picha za ubongo waliweza kubashiri mkono gani mtu angeutumia, sekunde kadhaa kabla hajajua mwenyewe.

Nilimsikiliza, na kwa heshima yote nikamwambia majaribio hayo hayafiki nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Ule ubashiri wa 2008 ulikuwa sahihi kwa asilimia 60 hivi, na sarafu ukiirusha inakupa 50. Wimbi la Libet nalo, mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha linaweza kuwa ni mtikisiko wa kawaida wa ubongo unaopanda na kushuka, na kidole hukunjwa unapofika juu kwa kuwa mtu hana sababu yoyote ya kuchagua sekunde hii badala ya ile. Hiyo ndiyo kasoro kubwa kwangu: kukunja kidole bila sababu si mfano wa hiari. Hakuna aliyemshtaki Mzee Fundi kwa sekunde. Tulikuwa tunazungumza juu ya wiki ishirini.

Pale alipo na nguvu mpwa wangu ni hapa: hata zile wiki ishirini, kila dakika yake ilikuwa ubongo. Hilo nalikubali lote. Siamini kwamba ndani ya fuvu kuna Mzee Fundi mdogo asiye na chanzo, aliyekaa kwenye usukani nje ya damu na neva. Lakini nikishakubali hivyo, maneno "ubongo wake ndio uliofanya" hayawezi tena kutenganisha tendo moja na jingine. Ubongo ulifanya alipobeti, na ubongo ulifanya alipokuwa mwaminifu miaka 35. Inabidi tuangalie ndani zaidi: ubongo huo, wakati ule, ulikuwa bado unafikika? Sababu zilikuwa zinaweza kuingia na kubadili kinachotoka? Hasara, aibu, uso wa mkeo, hesabu ya watoto wa watu, vilikuwa na njia ya kufika kwenye mkono unaobonyeza simu? Hiyo njia ndiyo ninayoiita hiari. Imetengenezwa kwa nyama kama kila kitu chetu. Inaweza kupanuka, kusinyaa, kuziba, na hata kufunguliwa tena.

Kiswahili kinalijua hili kwa namna yake. Tunasema "nafsi inataka, mimi sitaki." Tunasema "nimejizuia," na hatuoni ajabu kwamba mtu mmoja amekuwa wawili, mzuiaji na mzuiwa. Harry Frankfurt, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika mwaka 1971 kwamba kinachomtofautisha binadamu ni kuwa na matakwa juu ya matakwa yake: kutaka kubeti, na kutaka kutotaka kubeti. Mzee aliniambia alikuwa analia huku anabonyeza. Ninamwamini, kwa sababu mkewe alisikia kilio bila kujua ni cha nini.

Kitabu

Nikiwa nimefika hapo ningependa kusema: basi, hana hatia. Lakini kuna kitabu.

Kuanzia Oktoba 2021 kuna mikopo mitatu iliyoandikwa kwa wanachama ambao hawakukopa. Nilipoyatazama majina nilipata baridi. Wote watatu hawajui kusoma. Mmoja ni mama wa mihogo, mjane, anayeweka kidole gumba pale wengine tunapoweka sahihi. Tarakimu zimeandikwa kwa utulivu, na wino umefananishwa na wa wiki iliyotangulia. Hakuna saa nane za usiku hapa, hakuna dakika 19. Aliyeandika alikaa, akafikiri nani ataona, akapita majina ya wanaosoma, akasimama kwa wasiosoma.

Njia ya sababu ilikuwa wazi kiasi cha kutosha kupitisha hesabu hiyo. Sababu "wakijua watanizuia" ilifika mkononi bila shida. Basi sababu "huyu ni mjane" ilikuwa na njia ileile ya kupita.

Nilimuuliza Mzee ana kwa ana, miezi baadaye, akiwa ameshapunguziwa dawa. Nilitarajia aseme hakumbuki. Alinitazama kwa ule uso wake usiocheza, akasema: "Mwalimu, kubeti kulinichukua. Lakini yule mama nilimchagua."

Kuna jambo linanisumbua bado, na silifichi. Ni blanketi. Alipojifunika asionwe, sababu ilikuwa inafanya kazi pia. Mke angeamka akakaa, asingebeti dakika ile. Kwa hiyo hata kwenye kubeti hakuwa kama mtu wa kifafa anayeanguka. Ninavyoona ni kwamba aliweza kuchagua wapi na lini, hakuweza kuchagua kuacha. Msukumo ulibaki, ukisubiri mlango. Hiari yake ilikuwa imesinyaa, haikufa, na ndiyo maana maswali ya ndiyo au hapana yalitushinda kikao kizima.

Takwimu nazo zinakataa ndiyo au hapana. Utafiti mkubwa uliotoka 2010, wa wagonjwa 3,090 wa Parkinson nchini Marekani na Kanada, uliwakuta na msukumo wa aina hii asilimia 17.1 ya waliotumia dawa za kundi la pramipeksoli, na asilimia 6.9 ya wasiozitumia. Dawa imezidisha hatari zaidi ya mara mbili. Lakini zaidi ya wanane katika kila kumi waliomeza dawa hizo hawakuonekana na msukumo huo. Mpwa wangu anasema hao wana bongo tofauti. Ni kweli. Nami nauliza: na wangapi kati yao walikuwa na mtu aliyeambiwa mapema awaangalie?

Deni na hatia

Polisi tuliwazungumzia kidogo tu. Sheria ya makosa ya jinai ya Uganda humwondolea mtu hatia ikiwa ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe anachotenda, au asijue kwamba hakupaswa kukitenda. Kipimo hicho tulirithi kwa Waingereza, kinatokana na kesi ya Daniel M'Naghten ya 1843 huko London, na uzito wake wote uko kwenye kujua. Mzee alijua. Kwa kipimo hicho mlango ungefungwa, na hakimu angebaki kumhurumia kwenye adhabu tu. Naona sheria iliuliza nusu ya swali. Kujua na kuweza ni vitu viwili, na kijikaratasi cha dawa kilikuwa ushahidi wa cha pili.

Kilichotutoa kwenye mkwamo ni mama wa mihogo. Alisema mbuzi wake aliwahi kuvunja kamba akala mahindi ya jirani. Hakumtuma, alikuwa amelala. Lakini alilipa mahindi, na jirani hakumwita mchawi. Kwa maneno hayo alitenganisha deni na hatia, vitu ambavyo sisi wasomi tulikuwa tumevikoroga masaa matatu. Fedha zimekwenda na watoto wa watu wanazihitaji, hilo ni deni, nalo halingoji tujue nani alikuwa kwenye usukani. Hatia ni hesabu nyingine, inapimwa kwa kiasi alichoweza. Na mateso ya kumkomoa tu, kipigo, tairi, hayo hayana hesabu inayoyahitaji. Hapa ninakaa upande mmoja na mpwa wangu kabisa: ukishaona jinsi mtu anavyotengenezwa na kubomolewa na vitu asivyovichagua, hamu ya kumwona anateseka inakosa mahali pa kusimama.

Alipaswa kulipa 6,300,000 zote, bila riba. Binti alitoa 2,000,000. Mashine ya ovaloki iliuzwa 600,000. Zilizobaki 3,700,000 angelipa 100,000 kila mwezi. Kwa kubeti hakupewa adhabu. Kwa mikopo ile mitatu alitakiwa kwenda nyumbani kwa kila mmoja, na mkewe, akasome kwa sauti alichoandika. Alikwenda. Kwa mama wa mihogo alikaa nje kwenye jiwe kwa muda mrefu kabla ya kubisha.

Na sisi? Hili ndilo ninaloona kikundi hakikulizungumza vya kutosha, nami nikiwemo. Tulikuwa na kifaa kilichojengwa kwa kujua kwamba hakuna ubongo mmoja unaotosha, tukakiweka stoo kwa sababu ya urahisi. Mtu akiwa mbele ya kufuli tatu anaazimwa hiari ya wengine wawili pale yake inapoyumba. Mzee alipoyumba hatukuwepo. Tungekuwa na namba mbili, moja kwake na moja kwa mwenyekiti, dawa ingemla yeye na fedha zake, ambalo lingekuwa janga, lakini mjane asingeandikwa kitabuni.

Kijana wa boda alipata jibu lake kwa kuchelewa. Nilikwenda stendi nikamwambia kwamba swali lake lilikuwa la haki na sisi hatukuwa wa haki kwake. Kumlaumu Mzee zaidi ili walingane kusingemsaidia yeyote. Tofauti yao ni mahali pa kushika: kwa Mzee kuna kidonge cha kupunguza, kwake hakuna. Kwake pa kushika ni watu, na fedha ambazo haziko mfukoni peke yake saa anapopita kibandani. Aliomba mwenyewe mapato yake ya jioni yapelekwe kwa mwenyekiti kabla ya saa mbili usiku. Mara nyingine hayapelekwi. Mwenyekiti humpigia.

Daktari, yule wa kwanza wa levodopa, alimpunguzia Mzee pramipeksoli kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kwa kuwa kuikata ghafla kunaweza kuleta mateso ya aina yake, wasiwasi na majonzi makali. Mwezi wa pili hamu ilikuwa imeondoka. Anasema ilikuwa kama redio ya jirani kuzimwa, ukashangaa kumbe ilikuwa inapiga. Mkono ulirudi kutetemeka. Alipoulizwa kama angependa kujaribu tena dozi ya zamani, alisema ashone polepole.

Sanduku lilirudi Jumamosi iliyofuata kile kikao, tukalipaka mafuta bawaba. Mzee alimaliza kulipa Aprili 2025. Funguo hana, hakuomba. Lakini kitabu aliombwa akishike tena kwa siku ile, akaandika mstari wa mwisho wa deni lake kwa tarakimu zilizonywea kiasi kwamba kijana wa boda aliyesimama kuzisoma alisogeza ukurasa karibu na macho. Siku hizi kila mstari husomwa kwa sauti kabla ya kitabu kufungwa, ni ombi la mama wa mihogo. Zamu ya mama huyo ilipofika, kijana akafungua mdomo asome, na mama akamzuia kwa mkono. Alitaka asomewe na Mzee. Mzee akakisogeza kitabu, mkono ukitetemeka, akasoma jina la mama, akasoma hisa tatu, akasoma 15,000, na mama akaweka kidole.